Sentimita Moja ya Jinja

Mwaka 2012 Donald Trump aliandika kwenye Twitter kwamba ongezeko la joto duniani ni dhana waliyoibuni Wachina ili viwanda vya Marekani vishindwe kushindana. Ilani ya AfD, chama cha mrengo wa kulia cha Ujerumani, ilidai mwaka 2021 kuwa bado haijathibitishwa kwamba binadamu ndiye msababishi mkuu wa mabadiliko ya tabianchi. Maneno ya namna hii yakienea mitandaoni, kipimajoto hakisikiki sana. Kinachosikika ni kinyongo: wataalamu wa mjini wanakula, mwananchi anapandishiwa bei ya mafuta. Na kinyongo hakiombi visa.

Kwetu Kenya sijaona chama kinachoomba kura kwa kukana mabadiliko ya tabianchi. Ujumbe umepita njia nyingine. Mwaka 2024 BBC iliripoti habari za mkulima kijana wa Kisii, jirani zetu kabisa, ambaye machapisho yake ya kukana mabadiliko ya tabianchi na kuitakia Afrika mafuta na makaa ya mawe yalimletea wafuasi na michango kutoka ng'ambo. Mtu atauliza: kwani amekosea wapi, ikiwa bara zima linatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ya ukaa na mama bado anapuliza kuni jikoni? Dhuluma hiyo ipo, na asiyeiona asituhubirie. Lakini madai yetu kwa nchi tajiri, ukiwemo mfuko wa hasara na uharibifu uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022, yanasimama juu ya jambo moja: kwamba moshi wao umeiumiza dunia. Ukikana hilo umewafutia deni, tena bure.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya hoja kwamba binadamu anabadilisha tabianchi ni la wazee wetu. Wanasema Ziwa Victoria lilifurika kwa mvua zilizoanza 1961, enzi ambayo magari yalikuwa ya kuhesabika, kwa hiyo mafuriko si mageni. Ni kweli, na anayewacheka hajui historia ya ziwa. Kipimo cha usawa wa maji ya ziwa kule Jinja, Uganda, kilisoma mita 13.41 mwaka 1964. Mei 2020, baada ya miezi ya mvua iliyochochewa na joto la Bahari ya Hindi upande wetu, kilisoma 13.42, na maji yakaingia majumbani ufuoni Homa Bay. Tofauti ni sentimita moja! Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulikadiria, kwa wastani wa modeli sita, kwamba bila joto lililoletwa na binadamu maji yangekuwa chini kwa sentimita 7 hivi, kama urefu wa kidole cha shahada. Sehemu kubwa ya maji yale, basi, ililetwa na mvua ambayo ziwa limeizoea; kidole kimoja tu ndicho chetu sisi binadamu. Mzee anayekumbuka 1964 hasemi uongo. Bila kidole hicho, huenda rekodi ingekuwa bado ni ya mwaka wake.