Msindikizeni Anakotaka Kwenda



Wahitimu, wanangu, hongereni. Leo tunatoa wauguzi, wakunga, walimu na maofisa wa maendeleo ya jamii. Ada za wengi wenu zilitoka kwenye shamba la mihogo, kwenye gunia la simsim, kwenye tumbaku ambayo mama alikesha akiikausha. Kabla sijasema lolote, wageukieni wazazi wenu muwapigie makofi.

Nimeombwa nizungumze kuhusu kujitolea. Mimi ni mmoja wa watu wanaojitolea katika kikundi kinachowasaidia manusura wa ukatili wa majumbani, hapa Arua na kule Koboko. Pengine mnangoja kisa cha kuwaliza. Sitakisimulia. Koboko ni mji ambao ukitaja idadi ya watoto na jina la soko, watu wameshajua unamsema nani. Waliotueleza habari zao walitueleza chumbani, mlango umefungwa. Hawakuueleza uwanja huu. Nitawaambia tu kazi yenyewe inavyofanyika, na kwa nini nataka muingie.

Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2016 uliwauliza wanawake wa Uganda wa miaka 15 hadi 49 walioolewa au waliowahi kuolewa. Katika kila 100, wanawake 56 walisema mume au mwenzi wao amewahi kuwapiga, kuwaingilia kwa nguvu, au kuwatesa kwa vitisho na kuwadhalilisha. Watu hao si wa mbali. Wamo katika familia zilizoketi hapa leo na nguo zao za sherehe.

Bunge letu lilitunga Sheria ya Ukatili wa Majumbani mwaka 2010. Naipenda sheria hiyo, kwa sababu walioiandika waliyajua maisha ya nyumba zetu. Haikuishia kwenye kipigo. Inataja matusi na vitisho, na inataja ukatili wa kiuchumi, yaani yale tunayoyaona msimu wa kuuza tumbaku: mke amelima, amechuma, amekausha, na siku ya malipo bwana anaondoka na fedha zote, anarudi baada ya siku kadhaa mikono mitupu, na mke akiuliza anaambiwa shamba si lake. Malalamiko yanaweza kupelekwa kwenye mahakama ya halmashauri ya kijiji, yaani LC, au polisi, na mtu mwingine anaweza kuyapeleka kwa niaba ya aliyeumizwa. Hakimu anaweza kutoa amri ya ulinzi. Anayetiwa hatiani anaweza kufungwa hadi miaka miwili.

Lakini hakimu yuko mjini. Tunajivunia lami yetu, karibu kilomita 92 kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, na tuna haki ya kujivunia. Mwanamke ninayemzungumzia anaishi mbali na lami hiyo, ana mtoto mgongoni, hana nauli ya boda, na simu anaishika mumewe. Mwenyekiti wa LC1 ni shemeji yake. Akifika kituo cha afya, wa kwanza kumpokea anamwuliza, "Ulimfanya nini?" Huyo wa kwanza, wanangu wauguzi, kuanzia wiki ijayo anaweza kuwa wewe.

Anayejitolea anasimama hapo katikati, kati ya nyumba na sheria. Siku nyingi kazi yake ni kukaa kwenye benchi. Unakaa naye hospitali, unambebea mtoto akiingia kwa daktari, unanunua maji, unangoja. Unajua kuomba fomu ya polisi namba 3, ile PF3, na PF3A kwa aliyebakwa. Unajua kwamba fomu hizo hazilipiwi, na mtu akitaka fedha ya karatasi unamwambia kwa heshima, bila kuinua sauti na bila kuondoka. Unajua saa inavyokwenda: dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi baada ya kubakwa lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Nimeona muda huo ukipotea huku wazee wakijadili faini ya mbuzi. Hilo linaniuma kuliko mengi niliyoyaona.

Kuna mambo madogo ambayo hayamo katika vitabu vyenu. Kabla hujampigia simu, uliza nani mwingine huipokea. Namba yako aiandike kwa jina lisilotia shaka, muuza dagaa wa mukene au fundi cherehani. Usimpe karatasi yenye jina la kikundi akaenda nayo nyumbani. Kitambulisho chake cha taifa, kadi za kliniki za watoto na nguo ya kubadilisha vinaweza kukaa kwa jirani, na jirani huyo anamchagua yeye, kwa sababu ndiye anayejua nani katika mtaa ule hana maneno.

Na lugha! Hapa tunasikia Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kilingala, Kiarabu cha Juba. Katika makazi ya Lobule, wilayani Koboko, wako ndugu zetu waliokimbia Kongo. Rhino Camp na Imvepi wako waliokimbia Sudan Kusini. Mara nyingi mkalimani anaokotwa tu mlangoni, yeyote aliye karibu, na baadaye inagundulika ni binamu wa mume. Kila alichokisema yule mama kimeshafika nyumbani kabla yake. Kwa hiyo tunamwuliza kwanza: unataka lugha gani, na nani asisikie? Wengine wanachagua Kiswahili chao cha kuungaunga, kwa sababu huku kwetu Kiswahili hakina ukoo.

Sasa nifike kwenye jambo gumu, ambalo limewatoa watu wengi wazuri katika kazi hii. Atarudi kwa mume. Si wote, lakini wengi watarudi, na wengine zaidi ya mara moja. Jumatatu umemsindikiza polisi. Ijumaa unamkuta sokoni akinunua nyanya za kumpikia bwana yule yule. Utahisi umedharauliwa. Utataka kumwambia, "Basi usinipigie tena."

Usiseme hivyo. Anafanya hesabu usizozijua. Shamba ni la ukoo wa mume. Watoto wakubwa wanasoma pale. Wakati wa kuondoka ndio wakati wa hatari kubwa kuliko yote, na yeye ameliona hilo usoni mwa mumewe kabla mtaalamu yeyote hajaliandika. Huyu mtu amejiweka hai miaka yote bila wewe. Ukimwamulia, hata kwa nia njema, umemtoa kwa bwana mmoja ukampeleka kwa mwingine. Mwoneshe njia zilizopo, mwambie ukweli kuhusu kila moja, kisha msindikize anakotaka kwenda. Kama anataka mahakama, mahakama. Kama anataka kwa dada yake kule Ariwara, kwa dada yake. Kama leo anataka tu kulia kisha arudi akapike, kesho simu yako iwe wazi.

Wapo wanaorudishwa na baba zao wenyewe. "Ng'ombe tulishawala, mwanangu, nitawarudishaje?" Wazee wangu, nawaomba mnisikilize kwa utulivu. Shirika la MIFUMI, lililoanzia Tororo, lilifungua kesi ya mahari mwaka 2007. Lilishindwa katika Mahakama ya Katiba, likakata rufaa, na Agosti 2015 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba desturi ya kudai mahari yarudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba. Mahakama haikufuta mahari. Ilisema tu kwamba binti yako asizuiwe kutoka kwa sababu ya ng'ombe.

Wapo pia wanaosema mambo ya nyumbani hayatoki nje, na kwamba vikundi kama vyetu vinavunja ndoa. Nawajibu kwa yaliyopimwa hapa hapa Uganda. Mjini Kampala, katika maeneo ya Makindye na Rubaga, shirika la CEDOVIP liliendesha mpango wa SASA! uliobuniwa na Raising Voices. Waliofanya kazi walikuwa wakazi wa kawaida waliojitolea, wanaume kwa wanawake, wakizungumza na majirani zao kuhusu nguvu na jinsi mtu anavyoitumia nyumbani mwake. Watafiti walilinganisha jamii nne zilizopata mpango na nne ambazo hazikuwa zimeupata bado. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: kipigo cha wenzi kilikuwa chini kwa asilimia 52 kule majirani walikozungumza. Sijui dawa nyingi zenye matokeo kama hayo, na hii ilitolewa na watu wasio na mshahara.

Nikisema hivyo sitaki viongozi waliopo hapa wapumue. Kujitolea kusiwe kisingizio. Haifai mwanamke aliyepigwa ndiye atafute fedha za mafuta ya pikipiki ya kwenda kumkamata aliyempiga. Haifai mahali pa kumlaza usiku pawe kwenye mkeka wa yule aliyejitolea. Hayo ni ya bajeti, na bajeti zinapitishwa na watu walioketi mstari wa mbele.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka. Baada ya 1979, watu wa West Nile walivuka kwenda Zaire na Sudan na watoto mgongoni, wakalala katika nyua za watu wasiowajua, na waliowapokea hawakuanza kwa kuwauliza wamekosa nini. Zamu yetu ilipofika mwaka 2016, Sudan Kusini ilipowaka tena, nasi tuliwapa wageni ardhi ya kulima. Mimi ni mtoto wa watu hao na ninawaonea fahari. Ndiyo maana sielewi kwa nini mke wa jirani anapokimbilia mlangoni kwetu usiku, tena hana hata mpaka aliouvuka, tunamwuliza alichelewesha chakula au alijibu vibaya.

Wahitimu, kikundi chetu kina upungufu. Tunahitaji wanaojua Kikakwa na Kinubi vizuri. Tunahitaji wanaume, maana kuna vijiwe ambako mimi siwezi kuketi, na kuna wanaume wanaopigwa na kuteswa ambao hawatanieleza mimi. Mtakaopangiwa vijijini, ijueni namba 116 ya Sauti, simu ya kuomba msaada, haina malipo, muwafundishe wanafunzi wenu waikariri. Kwetu tunaomba saa chache kwa wiki, lakini kwa mwaka mzima, kwa sababu anayekuja mwezi mmoja na kutoweka anamwacha mtu aliyeshathubutu kufungua mdomo. Majina yanaandikwa leo baada ya chakula, karibu na maktaba. Njooni na kitambulisho, na mtu mzima anayeweza kutuambia kwamba mnatunza siri. Tutawahoji, na hatutawachukua wote.