Hesabu Irudi Nyumbani: Kwa Nini Tunahitaji Sheria ya Kutangaza Maambukizi ya Hospitalini

Mhadhara wa umma, Birongo, Kaunti ya Kisii

Nashukuru kwamba mhadhara huu haukubaki chuoni. Jambo ninalolileta linaishia huku, katika nyumba ambamo mama amerudi na mtoto mchanga mikononi na mshono tumboni.

Dada yangu mdogo alijifungua kwa upasuaji. Siku ya tatu aliruhusiwa kwenda nyumbani, mshono ukiwa mkavu. Siku ya tisa alishikwa na homa, na leso aliyojifunga ikalowa usaha. Hakurudi alikopasuliwa, maana nauli haikuwepo. Alibebwa kwa pikipiki hadi kliniki ya karibu, na ikamchukua wiki sita kupona. Katika daftari la hospitali iliyompasua, dada yangu ni mgonjwa aliyetoka salama. Aliyeandika hakusema uongo. Alipoandika, mshono ulikuwa mkavu kweli. Lakini baada ya hapo hakuna aliyeuliza.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo tumezoea kumwambia mgonjwa. Leo naielekeza kwa hospitali.

Kenya haikukosa sheria za kuripoti. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, tuliyoirithi kutoka enzi ya ukoloni, inawataka matabibu wawaarifu wakuu wa afya kuhusu magonjwa fulani ya kuambukiza. Itazameni safari ya taarifa hiyo: inatoka kijijini, inapanda hadi ofisini. Katiba ya 2010 ilifungua njia ya kushuka. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na kinaiagiza serikali itangaze habari muhimu zinazoathiri taifa. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ikaweka muda: ombi lijibiwe ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 pale panapohusu uhai au uhuru wa mtu.

Lakini sheria hiyo inafungua mlango wa ghala tu, haijazi ghala. Huwezi kupewa hesabu ambayo haikuhesabiwa. Kinachokosekana ni sheria inayoiamuru hospitali ihesabu maambukizi yanayoanzia kwake, kisha ibandike hesabu hiyo mahali mgonjwa ataisoma.

Ukubwa wa jambo hili unajulikana. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba, kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa katika hospitali za matibabu ya muda mfupi, 7 katika nchi tajiri hupata angalau ambukizo moja humo humo hospitalini. Katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni 15. Hapa kwetu, watafiti wa Kilifi waliwafuatilia watoto waliolazwa katika hospitali ya wilaya kati ya 2002 na 2009. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2011, hayasomeki kwa moyo mtulivu: katika watoto walioingiwa na bakteria kwenye damu wakiwa wodini, 53 katika kila 100 walifariki. Kwa waliokuja na maambukizi kama hayo kutoka nyumbani, walikuwa 24.

Nguvu ya hesabu ilionekana zamani mjini Vienna. Katika miaka ya 1840, hospitali kuu ya huko ilikuwa na wodi mbili za uzazi. Ya kwanza ilikuwa ya wanafunzi wa udaktari, ya pili ya wakunga. Akina mama walijua ipi inaua zaidi, wakawa wanasihi wasipelekwe ya kwanza. Daktari Ignaz Semmelweis alizilinganisha hesabu za wodi hizo, akatambua kwamba wanafunzi walitoka kupasua maiti wakaja kuwashika akina mama wanaojifungua. Mwaka 1847 akawaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini. Mwezi Aprili, kabla ya amri hiyo, katika wodi ya kwanza walikufa akina mama zaidi ya 18 katika kila 100. Kufikia Juni walikuwa kama 2. Umma ulijua kabla ya wakuu, ila ulijua kwa uvumi. Nasi hapa tunajua kwa uvumi. Kila mwanamke hapa ameshaambiwa na jirani, "Usiende pale."

Kutaka hesabu si jambo geni hapa kwetu Gusii. Mkulima wa chai hupimiwa majani machoni pake na kupewa risiti. Kisha kila kiwanda hutangaza bonasi yake. Mkulima wa kiwanda cha Kiamokama anajua wa kiwanda cha Kebirigo kalipwa ngapi, na sote tumewahi kuuliza kwa nini wa Mlima Kenya amelipwa zaidi. Swali hilo lina nguvu kwa sababu lina nambari. Kama tunajua bei ya kilo ya majani, tuna haki ya kujua ni mishono mingapi katika kila mia inayooza.

Wapo wenye hofu, na hofu zao ni za haki. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii hupokea waliozidiwa kutoka kaunti kadhaa. Isilinganishwe na zahanati. Kwa hiyo tulinganishe upasuaji wa aina moja, na kila hospitali ilinganishwe kwanza na nafsi yake, robo mwaka kwa robo mwaka.

Tena, anayehesabu kwa uaminifu anaweza kuonekana mbaya kuliko asiyehesabu. Huko Marekani, jimbo la Illinois lilitunga sheria ya namna hii mwaka 2003, na mengine yakafuata. Pennsylvania ilipokusanya taarifa za 2004, hospitali ziliripoti visa 11,668, ilhali hati za malipo ziliashiria zaidi ya 115,000. Hati za malipo nazo hukosea, lakini pengo la namna hiyo linatufundisha kwamba pasipo ukaguzi huru, sifuri inaweza kuwa jina jingine la kutotazama.

Wauguzi wanaogopa kubebeshwa lawama. Ndugu zangu, sheria ninayoitaka haitaji jina la mtu. Tena kando ya hesabu ya maambukizi iandikwe idadi ya mabomba yenye maji, sabuni iliyopo, na wagonjwa wanaoangaliwa na muuguzi mmoja. Hapo nambari itamshtaki pia aliyepanga bajeti.

Wala nambari peke yake haioshi mikono. Uingereza ilizitaka hospitali zake za umma ziripoti maambukizi ya damu ya bakteria sugu wa MRSA tangu 2001. Yalipungua kwa zaidi ya nusu kufikia 2008, lakini ni baada ya serikali kuweka lengo mwaka 2004 na kusukuma kampeni ya usafi wa mikono.

Basi tuanzie wapi? Jedwali la Nne la Katiba limeziweka hospitali za kaunti mikononi mwa serikali za kaunti. Mabunge ya Kisii na Nyamira yanaweza kutunga sheria hii bila kungoja Nairobi. Ianze na upasuaji wa uzazi peke yake. Mama afuatiliwe kwa siku 30, maana vidonda vingi huoza akiwa ameshafika nyumbani. Wa kumfuatilia tunao: wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao tangu 2023 wanapita nyumba kwa nyumba wakiwa na simu za kazi. Waulize mambo matatu tu: homa, usaha, mshono kufunguka. Jibu lifike hospitalini, lihesabiwe, likaguliwe, libandikwe langoni na lisomwe kwenye baraza la chifu. Sheria ya 2023 ya fedha za kuboresha vituo vya afya imeziruhusu hospitali zitumie mapato yao zenyewe. Sabuni isisubiri hazina.

Dada yangu amepona na mtoto anasoma. Lakini daftari lile bado linasema alitoka salama. Lilihitaji mstari mmoja zaidi: siku ya tisa, homa na usaha. Naomba tutunge sheria itakayouandika mstari huo, kwa ajili ya mama atakayelala kitanda kile kesho.