Rafu ya Kitandani: Tulichojifunza Katika Hosteli ya Isongole

Maneno ya mratibu wa miradi ya dayosisi kwa kamati za sharika na marafiki wa mradi, yaliyotolewa Isongole, Wilaya ya Ileje, Mkoa wa Songwe



Mmezoea kutusikia tukitoa taarifa za majengo, visima na madawati. Leo tunaleta taarifa ya rafu ya mbao. Hatuoni aibu, kwa sababu rafu hiyo imetufundisha jambo ambalo tulipaswa kulijua kabla ya kununua hata bolti moja.

Hosteli yetu ya wasichana ina vitanda 16 vya ghorofa, vile tunavyoviita dabo deka. Vinalaza wasichana 32 ambao kwao ni mbali na shule. Bila hosteli wangepanga vyumba mitaani, nanyi wazazi mnajua hatari yake. Kila mmoja ana sanduku lake la bati chini ya kitanda. Lakini usiku sanduku halimsaidii anayelala juu. Daftari, kikombe na taa, vyote alikuwa analala navyo. Umeme ukikatika, taa yenyewe ilikuwa mshumaa, ingawa kanuni za hosteli zinakataza.

Ndugu zetu, mshumaa juu ya godoro si jambo dogo. Mwezi Agosti 2009 bweni la wasichana la Sekondari ya Idodi, mkoani Iringa, liliungua na wanafunzi 12 wakafariki. Taarifa za wakati ule zilitaja mshumaa wa kusomea usiku. Aliyeuwasha alitaka kusoma, kama mabinti zetu wanavyotaka.

Tukaamua kila msichana awe na rafu yake, na juu ya rafu taa ndogo ya sola. Hapo ndipo tulipokosea. Tulizichora rafu ofisini, fundi akazifunga ubavuni mwa vitanda, upande wa njia, ambako zilionekana vizuri. Haikupita wiki, wasichana wakawa wanagonga mabega wakishuka gizani. Binti mmoja wa kidato cha pili, anayelala juu, akatuuliza mbele ya matroni: "Moto ukitokea, tutapita wapi?" Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumetumia michango yenu kuwabania mabinti njia ya kutokea.

Tulizifungua zote. Mbao tumezitumia tena. Malipo ya fundi ya mara ya kwanza yamepotea, na tumeyaandika katika taarifa ya fedha kama hasara.

Safari ya pili tulikaa na wasichana kwanza, tukapima pamoja nao. Walichagua upande wa kichwani, nje ya fremu, kati ya kitanda na ukuta, rafu moja juu na moja chini. Kila rafu ni ubao wa paina wa inchi 1 kwa inchi 8, urefu sentimita 60, uliopigwa randa na msasa. Pande tatu zina kingo za sentimita 5 ili kikombe kisianguke. Upande wa kitandani uko wazi. Ubao umekaa juu ya vyuma bapa viwili alivyovikunja fundi wa kuchomelea, navyo vinabana bomba la kitanda kwa bolti na nati. Hatukutoboa bomba, maana tundu hulidhoofisha. Vitu vizito vinabaki sandukuni. Chandarua kinachomekwa chini ya godoro, taa inabaki nje.

Kwa kuwa vitanda vilisogea kutoka ukutani, tulipima njia upya. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa Kenya mwaka 2008 unataka nafasi ya mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, na mita 2 kwenye njia. Tuliufuata, ikabidi tuiondoe meza kubwa iliyokuwa katikati ya chumba. Mbele ya dirisha hatukuweka kitu. Kazi hii haina mwisho, kwani hata Septemba 2024 wanafunzi 21 walipoteza maisha kwa moto wa bweni katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri.

Kamati zenye hosteli, tunawaomba jambo moja. Kabla ya kumwita fundi, nendeni bwenini jioni pamoja na matroni, kabla wasichana hawajaingia kulala. Zimeni taa. Mmoja wenu apande kitanda cha juu, ashuke, atembee mpaka mlangoni bila kushikwa mkono. Kisha waulizeni wanaolala humo.

Nanyi wafadhili, betri za taa za sola huchoka. Mkitusaidia kuzibadilisha kwa wakati, mshumaa hautarudi kitandani.