Krismasi ya Peke Yako

Kila Desemba mabasi hujaa Stendi ya Magufuli, Mbezi, yakielekea Moshi na Arusha. Wewe umebaki Dar: una zamu kazini, au nauli haikutosha. Usijifungie ndani.

Tarehe 24 wapigie wazazi simu, uwatakie heri. Tarehe 25, ukitoka ibadani, injika pilau la nusu kilo. Likianza kunukia bizari, mgongee jirani aliyebaki kama wewe. Sahani ya pili haikufilisi. Jioni shuka Coco Beach: mihogo ipo, upepo ni bure.

Tarehe 26 nayo ni mapumziko; kama huna zamu, lala utosheke. Huzuni ikikuelemea, mwambie unayemwamini. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Krismasi njema.