SHAHIDI NI NANI?

(Maneno tuliyosema mbele ya wanachama wa tawi letu hapa Riruta)



Leo hatukuja kusema habari za mishahara wala za michango. Tumekuja kusema juu ya neno moja tu, nalo ni "shahidi". Tumelichagua kwa sababu linatuuma.

Wengi wenu mwajua habari ya ndugu yetu aliyekatwa vidole viwili na mashine ya kuranda mbao, katika karakana moja isiyo mbali na Barabara ya Naivasha. Kifuniko cha mashine ile kilikuwa kimeondolewa kitambo ili kazi iende mbio. Msimamizi alijua. Lakini karatasi ya kazini iliandikwa kwamba ndugu yetu alikiondoa mwenyewe kwa mchezo. Watu sita walikuwamo karakanani saa ile. Walipoulizwa, wa kwanza alisema, "Mimi nilikuwa nimegeuka." Wa pili alisema alikuwa mlangoni akipanga mbao. Ikawa hivyo mpaka wa sita. Mtu alipiga ukelele, damu ikamwagika juu ya unga wa mbao, na hakuna aliyeona!

Hatutaji majina, wala hatukuja kuwaaibisha. Sisi viongozi wenyewe tulipita pale wiki mbili kabla ya ajali, tukaiona mashine haina kifuniko, tukasema, "Tutaandika barua." Barua haikuandikwa. Basi walionyamaza si sita tu. Na sisi tujihesabu pamoja nao.

Mtu aweza kuuliza, neno la shahidi lina kazi gani hapa? Kidole kimekwisha katika, hakitarudi. Sikilizeni. Sheria ya fidia ya kuumia kazini ya mwaka 2007 humpa mfanya kazi haki ya kulipwa bila kwanza kuthibitisha kosa la tajiri. Lakini sheria hiyohiyo humnyima fidia mtu aliyejiletea ajali kwa utovu wa makusudi, isipokuwa amekufa au ameumia vibaya sana. Kwa hiyo yale maneno machache ya "alikiondoa mwenyewe" si maneno madogo. Ndiyo yanayoweza kumlaza njaa ndugu yetu na watoto wake. Na wanaoweza kuyaondoa ni wale waliokuwapo.

Sasa, shahidi ni mtu wa namna gani? Wengine hudhani ni mtu wa kuja kusaidia upande wake. Sivyo. Sheria ya ushahidi ya Kenya yataka kama jambo lilionekana, aseme yule aliyeliona. Na kama lilisikiwa, aseme yule aliyelisikia. Anayekuja kusema "niliambiwa na fulani" hajaleta kitu, hata akiwa rafiki wa kweli. Shahidi huazima korti macho yake na masikio yake, basi. Akiongeza chumvi kidogo ili kumsaidia mwenzake, wakili wa upande wa pili ataionja ile chumvi, na chakula chote kitamwagwa. Tena kusema uwongo baada ya kiapo ni hatia inayoweza kumtia mtu jela miaka 7.

Nchi yetu yajua vizuri maana ya ushahidi ulionunuliwa. Mwaka 1952 serikali ya mkoloni ilimkamata Jomo Kenyatta, ikampeleka Kapenguria pamoja na wenzake watano. Wawili kati yao walikuwa watu wa vyama vya wafanya kazi kama sisi, yaani Fred Kubai na Bildad Kaggia. Shahidi mmoja mkubwa wa serikali alikuwa Rawson Macharia, aliyesema kwamba alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo mwaka 1950. Mwezi wa Aprili 1953 wote sita walihukumiwa miaka 7 na kazi ngumu.

Mwaka 1958 Macharia aliapa tena, akasema kwamba ushahidi wake ule ulikuwa wa uwongo. Alieleza kuwa alikuwa ameahidiwa safari ya ndege, masomo Uingereza, na kazi ya serikali akirudi. Je, alishtakiwa kwa kusema uwongo Kapenguria? La. Alishtakiwa na kufungwa mwaka 1959 kwa kuapa kwamba alisema uwongo! Fikirini, ndugu. Neno lilitoka kinywani siku moja, na kulirudisha kulimshinda, hata kwa bei ya jela. Wafungwa walikuwa wamekwisha kaa ndani miaka.

Tena tumkumbuke Makhan Singh, aliyeanzisha pamoja na Kubai muungano wa vyama vya wafanya kazi vya Afrika ya Mashariki mwaka 1949. Alipofikishwa mbele ya jaji mwaka 1950 hakuficha imani yake, ingawa alijua itamponza. Alizuiliwa mpaka mwaka 1961. Huyu naye alikuwa shahidi, na hakuahidiwa safari ya ndege.

Hatutawadanganya kwamba hatari ilikwisha pamoja na mkoloni. Mwezi wa Juni 2016 wakili Willie Kimani alitoka katika korti ya Mavoko pamoja na mwendesha bodaboda aliyekuwa amemshtaki askari polisi kwa kumpiga risasi. Wao na dereva wao wa teksi hawakufika nyumbani. Maiti zao zilitolewa mtoni. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani askari watatu na raia mmoja. Kumbukeni kwamba wawili kati ya wale waliouawa walikuwa watu wa kazi ya barabarani, kama wengi waliokaa hapa. Iko sheria ya kulinda mashahidi ya mwaka 2006, na liko shirika la serikali la kazi hiyo. Anayetishwa aseme mapema, asingoje. Kwa hiyo hatumwiti mtu mwoga kwa sababu anaogopa. Twasema tu kwamba mtu mmoja akisimama peke yake ni rahisi kumtisha, lakini sita wakisimama pamoja, nani atafukuzwa kwanza?

Basi shikeni mambo haya:

1. Ajali au ugomvi ukitokea, andika siku ileile: tarehe, saa, mahali, na nani walikuwapo. Kumbukumbu ya mwezi mmoja huchanganyika na maneno ya watu.

2. Tenga ulichoona na ulichoambiwa. Neno "sijui" si aibu kama hujui kweli.

3. Usitie sahihi karatasi usiyosomewa kwa lugha unayoifahamu.

4. Mwenzako akiitwa ofisini kwa kosa la kumfukuzisha kazi, sheria ya ajira ya mwaka 2007 humpa haki ya kuwa na mfanya kazi mwenzake, au mjumbe wa chama wa mahali pa kazi, aliyemchagua mwenyewe. Akikuchagua wewe, nenda. Kaa, sikiliza, kumbuka.

5. Usipokee kitu. Hili ni juu ya tajiri, na ni juu yetu pia. Nauli ya kwenda kortini ni haki ya shahidi, lakini bei ya maneno yake chama hiki hakitalipa. Kiongozi yeyote wa tawi akikuambia "sema hivi", mlete mbele ya mkutano huu.

Mwisho, turudi karakanani. Sisi tumekwisha andika maelezo yetu, na ndani yake tumeeleza kosa letu la ile barua isiyoandikwa. Halikuwa jambo tamu. Wawili kati ya wale sita wamekuja ofisini kwa hiari yao, wakasema waliyoyaona, bila kuongeza. Wanne wamebaki. Nao tunawaambia hapa, mbele ya wenzao: ndugu, hatuwaombi mseme jambo la kutufurahisha. Kama mlikuwa mmegeuka kweli, semeni mlikuwa mmegeuka. Lakini kama mliona, mlango wa ofisi u wazi jioni baada ya kazi. Ndugu yetu hushika kikombe kwa mkono wa kushoto siku hizi, na mwampita kila asubuhi.

Umoja ni nguvu.