Mikwaruzo katika Redio ya Motokaa ya Zamani

Maneno yetu leo ni juu ya redio za motokaa kuukuu, na hasa juu ya ile mikwaruzo isikikayo mtu azungushapo kifundo cha sauti. Wengi wakiusikia mkwaruzo huo husema, "Redio imekufa," wakaing'oa na kuitupa. Jambo hilo lasikitisha, maana redio za namna hiyo hazitengenezwi tena, na mara nyingi ugonjwa wenyewe ni uchafu kidogo tu, usiotimiza hata uzito wa punje ya mchele.

Kwanza tuseme machache juu ya asili yake. Mwaka 1930, huko Marekani, kampuni ya Paul Galvin ilianza kuuza redio ya motokaa iliyoitwa Motorola. Na mwaka 1932 kampuni ya Blaupunkt ya Ujerumani ikatoa ya kwake. Redio hizo zilifanya kazi kwa valvu, yaani vichupa vya kioo vyenye kuwaka moto ndani. Mwaka 1947 transista ilivumbuliwa, na mwaka 1955 ikaonekana Marekani redio ya motokaa isiyo na valvu hata moja. Lakini katika mageuzi hayo yote kifundo cha sauti kilidumu na umbo lake kwa miaka mingi, na kwa hiyo ugonjwa wake ni ule ule katika redio ya valvu na katika redio ya transista.

Ndani ya kifundo hicho mna ukanda mweusi wa kaboni, uliopindwa karibu duara nzima. Juu yake huteleza kidole chembamba cha madini. Uzungushapo kifundo, kidole hicho husogea, na umeme wa sauti huongezeka au hupungua. Sasa fikirini motokaa iliyokaa miaka hamsini. Huku bara vumbi limeingia; huko pwani hewa ya chumvi imetia kutu. Kidole kikipita juu ya uchafu, umeme hukatika na kurudi, hukatika na kurudi, mara nyingi kwa nukta moja. Kila mkatiko spika huutoa kwa sauti: kra, kra, kra.

Lakini si kila mkwaruzo hutoka katika kifundo. Kwa hiyo, kabla ya kushika bisibisi, tumieni masikio, mkauliza: kelele hii husikika wakati gani? Ikiwa yapanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini, nayo hukoma injini izimwapo, basi yatoka katika plagi au katika mtambo wa kuchaji betri. Ikiwa huja motokaa irukapo juu ya mashimo, tafuteni waya uliolegea, au mlingoti wa redio usioshikamana vema na bodi. Ikiwa hukoma mkichomoa waya wa mlingoti, kelele hiyo imeingia kwa njia ya mlingoti. Lakini ikiwa injini imezimwa, motokaa imetulia, na mkwaruzo husikika tu wakati wa kuzungusha kifundo, basi mgonjwa ni kifundo chenyewe.

Hapo ndipo kazi ya mkono ianzapo. Fungueni betri, mkianza na ule waya ushikanao na bodi ya motokaa. Angalieni vema ni upande upi wa betri uliofungwa kwenye bodi, kwa kuwa motokaa nyingi za kale za Uingereza zilifungwa upande wa chanya. Mkirudisha waya kinyume, redio ya transista yaweza kuungua mara moja. Na redio ya valvu ina hatari kubwa zaidi: ndani yake umeme wa betri hukuzwa hata ukafika volti 200 au kuzidi, na umeme huo huweza kubaki ndani ya kapasita hata baada ya redio kuzimwa. Mwanafunzi asiifungue peke yake. Na awe pamoja na fundi ajuaye kuutoa umeme huo. Redio iweza kununuliwa nyingine, bali uhai hauna duka.

Redio ikiisha kutolewa na kufunguliwa, tafuteni kifundo cha sauti kwa nyuma. Karibu na pale nyaya tatu ziungwapo, mara nyingi pana upenyo mdogo. Nunueni dawa ya kusafishia viungo vya umeme, ile ya kopo la kupuliza, iliyoandikwa kuwa yafaa kwa vifundo vya sauti na yenye kuacha ulaini kidogo. Ingizeni mrija wake upenyoni, mpulize mara moja, kidogo tu. Kisha zungusheni kifundo toka mwanzo hata mwisho, mara ishirini au thelathini. Vifanyieni vivyo hivyo vifundo vingine vya namna hiyo, kama vile cha kubadili sauti nene na nyembamba. Acheni dawa ikauke kabisa kabla ya kurudisha umeme, kwa kuwa dawa nyingi hushika moto upesi. Tena redio ya transista isiwashwe bila kuungwa na spika yake, isije ikaharibika.

Yako mambo matatu ya kuepuka. La kwanza, msitumie petroli wala mafuta ya taa. Hayo si dawa ya kifundo, nayo huleta moto. La pili, msisugue ukanda kwa msasa, kwa sababu kaboni ile ni nyembamba sana, nayo ikitoka hairudi. La tatu, dawa isiguse kamba ya mshale wa kutafutia stesheni, isije ikateleza. Wala kioo chenye maandishi, yasije yakafutika. Na zile skrubu ndogo ndogo za ndani zilizotegwa kiwandani msiziguse kamwe, maana mkizizungusha stesheni zitapotea.

Je, mkwaruzo ukirudi baada ya kusafisha? Hapo sababu ni mbili. Huenda ukanda umelika, na dawa haiwezi kuota kaboni mpya. Kifundo kibadilishwe kwa kingine chenye kipimo kile kile cha ukinzani. Au, hasa katika redio ya valvu, huenda kapasita iliyo karibu imechoka, nayo yavujisha umeme usiopasa kufika kwenye kifundo. Fundi aupime umeme huo; akiuona, abadilishe kapasita. Mtu asiyejua hayo huweza kununua vifundo vitatu, na vyote vitatu vikakwaruza, huku kosa limekaa kando likimtazama.

Mwisho, twajua kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kifundo kisichoguswa ndicho kishikwacho na kutu upesi. Basi mwenye redio ya zamani na azungushe vifundo vyake vyote, toka mwanzo hata mwisho, mara moja kila juma, hata siku asizokuwa na haja ya kusikiliza. Kazi hiyo ni ya dakika moja, haina gharama, nayo yaweza kuzidisha maisha ya redio kwa miaka mingi.