Kuchora Nje: Kujifunza Kuitazama Nchi Tuliyopewa

Hotuba kwa viongozi wa jumuiya na vijana, Levolosi, Arusha



Nimeombwa niseme nanyi juu ya jambo ambalo huenda likaonekana dogo mbele ya mashauri ya ardhi, maji na ajira tuliyoyazoea katika Tume hii. Jambo lenyewe ni kuchora picha nje, mbele ya mti, mto au mlima wenyewe. Dai langu ni moja: mtu hatetei asichokifahamu, wala hakifahamu asichokitazama, na kuchora humfunza mtu kutazama.

1. Hatua tunayoiruka

Sote tunaujua utaratibu wa kuona, kuamua na kutenda, ulioenezwa na Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji miongoni mwa vijana wafanyakazi, na ambao Papa Yohane XXIII aliupendekeza katika waraka wake Mater et Magistra wa mwaka 1961. Lakini mikutanoni mara nyingi tunaikimbia hatua ya kwanza. Tunasema, "Mazingira yameharibika," kisha tunarukia maazimio. Ni nani kati yetu awezaye kutaja miti iliyosimama ukingoni mwa mto Themi? Ni nani ajuaye maji ya Naura yana rangi gani asubuhi, na jioni yamekuwa ya rangi gani?

Mchoraji hawezi kuyakwepa maswali hayo. Macho ya mpita njia huona mti tu. Mkono unaochora hulazimika kuuliza: ni mti gani, umeinamia wapi, mizizi yake imefunikwa na udongo au imeachwa wazi? Kijana aliyekaa saa nzima mbele ya mringaringa na karatasi yake hatauona tena kama kuni zilizosimama. Simu hupiga picha kufumba na kufumbua, nasi tukairudisha mfukoni. Papa Fransisko, katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, alionya kwamba asiyejifunza kusimama na kustaajabia uzuri huishia kukiona kila kitu kuwa cha kutumiwa na kutumiwa vibaya.

2. Ushuhuda wa wachoraji

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Ukisafiri kutoka Arusha kupitia Babati kuelekea Dodoma, utafika Kolo, katika Wilaya ya Kondoa. Huko, juu ya kuta za miamba, watu wa kale walichora pofu, twiga, tembo na watu, mara nyingi kwa rangi nyekundu. Mwaka 1951 Mary Leakey alizinakili nyingi kati ya picha hizo, na mwaka 2006 UNESCO iliiingiza michoro ya Kondoa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wachoraji wale hawakuwa watalii. Walichora viumbe walioishi nao katika nchi moja.

Ushuhuda wa pili unatoka mbali, huko Ufaransa. Mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand alipata hataza ya kichupa cha bati cha kutilia rangi, na tangu hapo ikawa rahisi zaidi kuchukua rangi na kwenda nazo porini. Wachoraji waliokusanyika katika kijiji cha Barbizon walikuwa wakichora mialoni mikubwa ya msitu wa Fontainebleau. Miti hiyo ilipokuwa ikikatwa, ni wao walioipigia kelele. Mwaka 1852 mmoja wao, Théodore Rousseau, aliiandikia serikali akiomba miti ile iachwe. Mwaka 1861 ikatolewa amri ya kuhifadhi eneo la zaidi ya hekta 1,000 za msitu ule. Hiyo ilikuwa miaka 11 kabla ya Marekani kuanzisha hifadhi ya Yellowstone. Walioutetea msitu ndio waliokuwa wameutazama mti mmoja mmoja.

3. Tusichore nchi bila watu wake

Lakini kuna hatari. Picha nyingi zinazouzwa kwa wageni mjini kwetu zina simba, twiga na machweo, wala hazina mama anayechota maji. Nchi hiyo huonekana kama haina mwenyewe. Watu wa Meru wanajua maumivu ya kutazamwa hivyo. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi ile wapewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, kudai haki yao. Ramani nayo ni mchoro, na mchoro usiowaonyesha wenyeji unaweza kuwa mwanzo wa kuwafukuza.

Kwa hiyo tukienda mtoni tuchore kila kilichopo: mlima Meru juu, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500; mti ukingoni; bustani ya mchicha; mtu anayeosha gari; na taka zilizotupwa majini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yampa kila mkaaji wa Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Sheria hiyohiyo inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Katika mita hizo 60 hujitafutia riziki watu maskini. Anayechora atawaona wote wawili, mto unaoumia na mtu mwenye njaa, wala hatamtetea mmoja kwa kumsahau mwingine.

4. Gharama si kisingizio

Wapo watakaosema kwamba rangi ni ghali. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam, mnamo mwaka 1968, alitumia vibao vya ujenzi na rangi za kupakia baiskeli, na jina lake limeenea duniani. Sisi tunao mkaa, udongo mwekundu na nyuma ya karatasi zilizokwisha kutumika.

5. Tufanye nini?

Napendekeza kila jumuiya iwatoe vijana wake mara moja kwa mwezi, wakae mahali palepale pa mto na kuchora wanachokiona. Kila mchoro uandikwe tarehe na mahali. Baada ya mwaka tutakuwa na michoro 12 ya ukingo mmoja, nayo itatuonyesha mti uliokatwa na taka zilizoongezeka. Tukiichukua kwenye mkutano wa mtaa, tutazungumza juu ya vitu vinavyojulikana. Tukumbuke pia kwamba maji ya Themi huingia Kikuletwa, kisha mto Pangani, hadi Bahari ya Hindi. Tunachokitupa hapa huwafikia ndugu tusiowajua.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Ni mto gani ulio karibu nasi, nasi tunajua nini juu yake kwa macho yetu wenyewe?
2. Ni akina nani wanaoutegemea kwa riziki, na je, tumewahi kuwasikiliza?
3. Ni nani katika jumuiya yetu atakayewaongoza vijana siku ya kwanza, na ni siku gani?